Kazi nyingi kwa mpigo: neno letu lilivyohamia ofisini

Leo hakuna msimbo wala hatua za kufuata, ni historia tu. Waliokuja kutafuta jinsi ya kuunganisha tovuti na hifadhidata wavumilie hadi makala ijayo, au wasome hii pia, hatutozi.

Ukipitia matangazo ya kazi hapa Kenya, yawe ya karani, mhasibu au sisi tunaoandika programu, utakuta sharti moja linalojirudia: mwombaji awe na uwezo wa kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Wengi hulitaja kwa jina lake la kigeni, maltitaskingi, na limezoeleka hata hakuna anayeuliza lilitoka wapi. Lilitoka kwetu. Ni neno la tarakilishi, na ukifuata nyayo zake utaona kwamba liliondoka kwenye mashine likiwa na maana moja, likafika ofisini likiwa na maana nyingine kabisa.

Tuanze na jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Prosesa yenye kiini kimoja haifanyi kazi mbili kwa wakati mmoja. Muziki unapocheza, faili inapopakuliwa na wewe unapoandika barua, kinachotendeka ni kwamba prosesa inashika kazi moja, inaiacha, inashika nyingine, inaiacha, mamia ya mara kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho na sikio havitambui. (Najua kuna watakaonitajia viini vinne au vinane. Hizo ni prosesa nne au nane zilizowekwa kwenye kipande kimoja, kila moja na yake. Na ile mbinu ya kiini kimoja kujionyesha kama viwili ni kutumia tu sehemu ambazo zingekaa bure. Wewe una kichwa kimoja.) Kwa hiyo mashine ambayo neno hili lilibuniwa kwa ajili yake haifanyi kile ambacho mwajiri anamtaka karani afanye. Inapokezana zamu.

Ilianzaje kupokezana? Turudi miaka ya 1950. Tarakilishi ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na kuikodi kwa mwezi kuligharimu maelfu mengi ya dola. Mtaalamu aliandika programu yake kwenye karatasi, ikatobolewa kwenye kadi, akapeleka furushi la kadi dirishani, akaenda zake. Mhudumu alizipanga kazi foleni na mashine ikazila moja baada ya nyingine. Majibu yalitoka baada ya saa kadhaa, au kesho yake. Ukisahau koma moja, jibu lako lilikuwa karatasi ya kukuambia programu imekataa, nawe unaanza upya: kadi, dirisha, kesho.

Angalia hapo ni nani aliyekuwa na kazi nyingi mkononi. Si mashine. Mashine ilikuwa na kazi moja, mpaka iishe. Ni binadamu aliyelazimika kushika programu ya pili wakati ya kwanza iko kwenye foleni, kisha ya tatu, na majibu ya ile ya kwanza yakirudi amekwisha sahau alikuwa akiwaza nini juzi.

Lakini mashine nayo ilikuwa na tatizo lake, nalo lilikuwa la pesa. Prosesa ilikuwa na kasi, ila visoma kadi na tepu za sumaku vilikuwa vya kobe. Kila programu ilipotaka data kutoka kwenye tepu, mashine ya gharama yote ile ilikaa ikingoja. Mfikirie mama anayepika githeri. Akishainjika sufuria, mahindi na maharagwe yanahitaji saa kadhaa za moto, hayamhitaji yeye. Kusimama pale akitazama mvuke ni kupoteza siku, kwa hiyo anafua, anachambua mboga, kisha anarudi kuongeza maji. Wahandisi wakajiuliza kwa nini prosesa isifanye vivyo hivyo: programu hii ikingoja tepu, ile iendelee.

Ugali ni habari nyingine. Maji yakishachemka na unga ukaingia, mwiko hautoki mkononi. Ukienda kujibu simu utarudi ukute mabonge. Nawaomba muishike tofauti hii ya githeri na ugali, kwa sababu karibu ugomvi wote kuhusu kazi nyingi kwa mpigo unatokana na watu kusonga ugali kama wanaochemsha githeri.

Mwaka 1959 mawazo mawili yalijitokeza karibu pamoja. Mwezi Januari, John McCarthy, wakati huo akiwa MIT kule Massachusetts, aliandika waraka akipendekeza watu kadhaa watumie tarakilishi moja kwa kupokezana, kila mmoja akiwa na kibodi yake. Mwezi Juni, Mwingereza Christopher Strachey akawasilisha makala kuhusu kugawana muda wa tarakilishi katika mkutano wa UNESCO jijini Paris. Walitumia maneno yanayofanana lakini hawakuwaza kitu kimoja. Strachey aliwaza zaidi mashine isikae bure. McCarthy aliwaza mtu asikae bure.

Wazo la McCarthy ndilo lililozaa mfumo ninaoupenda kuliko yote katika historia ya fani yetu. Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa MIT walionyesha CTSS ikifanya kazi kwenye IBM 709: watumiaji wanne, kila mmoja kwenye taipureta yake, wote kwenye mashine moja. Saa ya ndani ilikatiza prosesa kila baada ya muda mfupi. Ikikatizwa, mfumo unahifadhi hali ya programu iliyokuwa ikiendelea, yaani kila rejista na ilipofika, unaitoa kwenye kumbukumbu, unaingiza ya mtu mwingine, unairejeshea hali yake, unaiachia. Kwenye kumbukumbu kulikuwa na programu ya mtumiaji mmoja tu kwa wakati. Aliyeketi kwenye taipureta hakujua lolote la hayo. Aliona mashine inamjibu yeye peke yake.

Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo historia inapopinduliwa chini juu. Mashine iligawanywa vipande vipande ili mtu asigawanyike. Lengo lote la CTSS lilikuwa mtu mmoja aketi na tatizo lake moja, aandike mstari, aone kosa papo hapo, arekebishe, aendelee bila kupoteza alichokuwa anawaza. Kazi chafu ya kuruka huku na huko ilibebeshwa chuma, kwa kuwa chuma hakichoki wala hakisahau kilipofikia.

Kuna jambo jingine ndani ya makala waliyoichapisha 1962 ambalo huwa nawaonyesha vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu. Zamu hazikuwa sawa. Kazi fupi ilipata zamu upesi, ikaisha, ikaondoka. Kazi nzito iliyoshindwa kumalizika ndani ya zamu yake ilishushwa daraja, isiite wengine nyuma. Lakini kila iliposhushwa, urefu wa zamu yake uliongezeka maradufu. Ilingoja zaidi, ila ikifikiwa inaachwa ifanye kazi kwa muda mrefu bila kukatizwa. Sababu ni ya kihesabu tu: kuitoa programu kubwa kwenye kumbukumbu na kuirudisha ni gharama, na hakuna maana ya kulipa gharama hiyo kwa ajili ya nukta moja ya kazi. Mwaka 1962, tayari wameshaelewa kwamba kazi nzito inataka zamu chache na ndefu. Ofisi nyingi hazijaelewa hadi leo.

Na kama mnapenda kejeli za historia, hii hapa. Mwaka 1965, kwenye CTSS hiyo hiyo, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika amri ya kumwachia mtumiaji mwingine ujumbe ndani ya mfumo. Ni mmojawapo wa mababu wa barua pepe. Mfumo uliojengwa ili mtu asikatizwe ndio uliozaa kikatizaji kikuu cha karne iliyofuata.

Neno lenyewe lilikuja miaka hiyo hiyo. IBM ilitangaza familia ya System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na katika maandishi yake ya 1965 kuhusu mashine hizo neno la kufanya kazi nyingi likaonekana. Matoleo mawili ya mfumo wake wa uendeshaji, OS/360, yaliitwa MFT na MVT. Ile T ya mwisho ni kazi: la kwanza liliruhusu idadi maalumu ya kazi, la pili idadi inayobadilika. Lilikuwa neno la mafundi, kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo hakuna mtu wa kawaida aliyevisoma. Miongo iliyofuata, tarakilishi ilipokaa juu ya kila meza, neno likapanda juu ya meza pamoja nayo. Windows 3.1 ilipokezana zamu kwa hisani, maana yake kila programu ilitarajiwa kuachia prosesa kwa hiari yake, na programu moja chafu iligandisha zote. Windows 95 ikaleta mfumo unaonyang'anya zamu kwa nguvu. Kufikia hapo mashine yenye madirisha kumi ilionekana bora kuliko yenye dirisha moja, na ni hatua fupi kutoka hapo hadi kusema mtu mwenye madirisha kumi ni bora kuliko mwenye moja.

Kilichoachwa nyuma, neno liliposafiri, ni sura ya pili ya kitabu. Sura ya kutapatapa.

Katikati ya miaka ya 1960 mifumo ya kugawana kumbukumbu ilianza kuonyesha tabia ya ajabu. Unaongeza programu ya tano, mambo sawa. Ya sita, sawa. Unaongeza ya saba, mashine nzima inaanguka. Haizimiki. Taa zinawaka, diski inanguruma, kila kitu kinaonekana kina shughuli nyingi mno, ila hakuna kazi inayosonga mbele. Peter Denning ndiye aliyeeleza kwa nini, katika makala mbili za 1968. Kila programu ina fungu la kurasa za kumbukumbu ambazo inazihitaji karibu nayo ili iende. Mafungu yote yakitosha ndani ya kumbukumbu, kupokezana kunakwenda vizuri. Yasipotosha, kila programu ikipewa zamu inaanza kwa kuvuta kurasa zake kutoka diskini, na ili zipate nafasi inafukuza kurasa za mwenzake, ambaye zamu yake ikifika naye anazivuta na kufukuza za mwingine. Muda wote unaishia kwenye kuhamisha mizigo. Kuku aliyechinjwa naye ana mwendo mwingi.

Dawa ya Denning haikuwa prosesa yenye kasi zaidi. Ilikuwa kukataa kuingiza kazi mpya mpaka kuwe na nafasi ya fungu lake lote. Punguza idadi, mashine itafanya zaidi.

Kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi, jina nalihifadhi, ilikuwa na watengenezaji watatu na miradi sita. Kila Jumatatu meneja alitugawia asilimia: wewe 30 huku, 30 kule, 40 kwingine. Printa ikikwama ni sisi pia, maana "ninyi si ndio watu wa kompyuta". Mwezi wa tatu ulipofika kila mradi ulikuwa umefikia asilimia 70, kwa mujibu wa ripoti. Sasa wateja hawalipi asilimia 70. Wanalipa mradi ukikabidhiwa. Mshahara ukachelewa. Meneja, kwa kutafuta pesa za mshahara, akaleta mradi wa saba.

Wala hakuwa mjinga. Alikuwa na imani ambayo wengi wanayo, kwamba kupokezana angalau hakumchelewishi mtu. Hebu tupige hesabu, na tujifanye kwamba kubadilisha kazi hakugharimu hata dakika. Una miradi mitatu, kila mmoja ni wa wiki nne. Ukiifanya mmoja mmoja, wa kwanza unakabidhiwa wiki ya 4, wa pili ya 8, wa tatu ya 12. Wastani ni wiki 8. Ukizungusha wiki moja moja, wa kwanza unaisha wiki ya 10, wa pili ya 11, wa tatu ya 12. Wastani ni 11. Mteja wa tatu hajafaidi chochote, na wale wawili wamecheleweshwa bure. Hiyo ni kabla hatujahesabu gharama ya kubadilisha. Kuhusu gharama hiyo, Gerald Weinberg alichapisha jedwali mwaka 1992 ambalo linasambazwa sana: miradi miwili kwa mtu mmoja, asilimia 20 ya muda inapotea, mitatu, 40, mitano, 75. Ni makadirio ya mtu mzoefu, si vipimo vya maabara, kwa hiyo msiyanukuu kana kwamba ni sheria ya fizikia. Hesabu ya wiki 8 na 11 haihitaji imani, unaweza kuirudia kwenye bahasha.

Na vipimo vya maabara je? Vipo, na ni vya zamani kuliko tarakilishi. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Arthur Jersild aliwapa watu orodha za maswali. Orodha moja ina zoezi la aina moja, nyingine inapokezana aina mbili, kwa mfano kujumlisha kisha kutoa. Orodha ya kupokezana ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1953 Colin Cherry aliwavisha watu visikizi, ujumbe mmoja sikio hili, mwingine sikio lile, akawaambia warudie kwa sauti ule wa sikio moja. Kuhusu ule mwingine hawakuweza kusema karibu lolote, hata lugha yake ilipobadilika kutoka Kiingereza hadi Kijerumani. Miaka mitano baadaye Donald Broadbent akaandika kitabu akielezea akili kama njia ya mawasiliano yenye upana maalumu na chujio mlangoni. Mfano huo aliuazima kwa wahandisi wa simu. Kwa hiyo sisi na wanasaikolojia tumekuwa tukiazimana vyombo kwa muda mrefu, ila wao walipoazima walichukua pia ile sehemu ya ukomo.

Wa siku hizi anayetajwa mno ni Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Mwaka 2004 yeye na Victor González walichapisha utafiti waliofanya kwa kuwafuata wafanyakazi ofisini na saa mkononi, wakakuta mtu anakaa kama dakika tatu kwenye jambo moja kabla ya kuhamia jingine. Katika kitabu chake cha 2023 anasema wastani wa kukaa kwenye skrini moja umeshuka hadi sekunde 47. Sophie Leroy naye, mwaka 2009, alionyesha kwamba ukihama kazi kabla haijaisha, sehemu ya akili yako inabaki kule ulikotoka. Aliita mabaki ya umakini. Ukiwa mtu wa mifumo ya uendeshaji unaelewa mara moja: rejista hazikuhifadhiwa vizuri. Prosesa ikihama inahama yote.

Mtakuwa mmesikia pia kwamba ukikatizwa unahitaji dakika 23 na sekunde 15 kurudi ulipokuwa. Nambari hiyo Mark aliitaja kwenye mahojiano, na watu huibandika kwenye makala ya 2008 aliyoandika na wenzake wawili. Someni makala hiyo. Haimo. Kilichomo kinashangaza zaidi: watu waliokatizwa walimaliza kazi upesi kuliko wasiokatizwa, bila ubora kushuka. Walilipia kwa njia nyingine, kwa msongo, hasira na kuhisi wanakimbizwa. Nadhani matokeo haya hayanukuliwi kwa sababu hayamfurahishi mtu yeyote. Anayehubiri umakini anaona aibu kusema waliokatizwa walikuwa na kasi, na meneja anaona aibu kusema kasi hiyo ililipwa na mwili wa mfanyakazi. Kazi zenyewe zilikuwa za kujibu barua pepe ofisini, tuseme githeri. Sidhani ungepata matokeo hayo kwa mtu anayetafuta kosa ndani ya mistari elfu kumi ya msimbo.

Je, kuna wanaoweza kweli? Wapo wachache. Jason Watson na David Strayer wa Utah, mwaka 2010, waliwapima watu 200 kwenye gari la kuigiza huku wakikumbuka maneno na kukokotoa hesabu. Asilimia 2.5 hawakupungukiwa na kitu. Hao ni watu watano. Mwajiri anayeweka sharti lile kwenye tangazo anatafuta hao watano, na anapokea mamia ya barua za waombaji wote wakisema ni wao.

Sasa msije mkaondoka hapa mkizima simu wiki nzima. Kufanya kazi moja mpaka iishe nako kuna madhara, na tulishayaona: ni enzi ya kadi. Kazi fupi ya dakika moja ikikaa nyuma ya kazi ya saa sita, mwenye kazi fupi analia. Ninapojifungia na mradi wangu, kuna mwenye duka mahali fulani ambaye malipo hayaingii na wateja wanaondoka. Swali ambalo wahandisi walitumia akili nyingi juu yake halikuwa kukatizwa au kutokatizwa. Lilikuwa nani akatize, na kinachokatizwa kiachwe katika hali gani.

Mfano bora ninaoujua ni wa tarehe 20 Julai 1969. Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakishuka kuelekea mwezini, tarakilishi ya chombo ilitoa kengele yenye nambari 1202, kisha ikarudia, na baadaye 1201. Kumbukumbu yake inayoandikika ilikuwa maneno 2,048. Rada moja ambayo haikuhitajika kwa kutua ilikuwa inaila zaidi ya sehemu moja ya kumi ya muda wake, na nafasi za kupangia kazi zikajaa. Mashine nyingi za wakati ule zingeganda. Hii ilikuwa na mpangaji wa kazi aliyebuniwa na Hal Laning wa MIT, ambaye kila kazi aliipa daraja la umuhimu. Zilipojaa, programu ilijianzisha upya ndani ya muda mfupi mno, ikazitupa kazi za chini kama kuonyesha nambari kwenye skrini, ikaziokota zile za kuongoza injini pale zilipokuwa zimefikia. Houston, Jack Garman wa miaka 24 ndiye aliyemwambia Steve Bales wa miaka 26 kwamba kengele hizo zinavumilika. Wote wawili wadogo kuniliko. Chombo kikatua.

Kengele ile, kwa hakika, ilikuwa mashine inasema: nimeombwa mengi kuliko ninavyoweza, kwa hiyo naacha haya na haya. Nionyesheni mfanyakazi aliyewahi kusema hivyo kwenye mkutano wa Jumatatu.

Lakini madaraja nayo yana mtego, na chombo kingine kiliuangukia. Mars Pathfinder ilitua kwenye sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997, na siku kadhaa baadaye tarakilishi yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Kazi ya daraja la juu ilihitaji kufuli iliyokuwa imeshikwa na kazi ya daraja la chini, ile ya kukusanya data za hali ya hewa. Ya chini ingeiachia upesi, ila kazi ndefu ya daraja la kati, ya mawasiliano, ikaja na kuichukulia prosesa. Kwa hiyo mkubwa anamngoja mdogo, mdogo anamngoja wa kati, na wa kati hana habari. Mlinzi wa mfumo akiona mkubwa kimya anazima kila kitu. Wahandisi waliirudia hali hiyo kwenye mashine pacha hapa duniani, wakatuma badiliko dogo: anayeshika kufuli inayongojwa na mkubwa, apewe daraja la huyo mkubwa mpaka aiachie. Nadharia hiyo ilikuwa imechapishwa 1990 na Sha, Rajkumar na Lehoczky. Kujizima kukaisha.

Ofisini hali hii hutokea kila wiki. Kiongozi wa mradi amekwama kwa sababu nywila ya seva iko kwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, na mwanafunzi ameitwa na idara ya mauzo awasaidie kupanga viti vya mkutano. Kila mtu atamlaumu mwanafunzi.

Timu niliyomo sasa ni ya watu watano. Tumekubaliana mambo matatu: kila mtu ana mradi mmoja wa ugali na githeri zozote anazoweza, mradi mpya hauanzi mpaka mmoja ukabidhiwe, na asubuhi kabla ya saa sita anayeruhusiwa kutukatiza ni mmoja tu, dada wa huduma kwa wateja, ambaye ana orodha ya matatizo manne yanayohesabika kuwa dharura. Mkurugenzi hayumo kwenye orodha. Alikubali baada ya kuonyeshwa ile hesabu ya wiki 8 na 11, ingawa bado hutuma ujumbe saa tatu asubuhi na kuandika "si haraka" mwishoni. Wiki iliyopita dada yetu alikatiza mara mbili. Mara ya kwanza ni malipo ya mteja wa Eldoret yaliyokuwa yakiingia mara mbili mbili. Mara ya pili ni printa, ambayo haimo kwenye yale manne, na tulimwambia hivyo.